Uzi Mfukoni

Hospitali ya Kwemhosa,
Korogwe.
11 Februari 2024

Shikamoo Mama Mwantumu,

Nimekupigia simu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulisema "haloo, haloo" mpaka nikakata. Mara ya pili akapokea mjukuu wako Ikram, akaniambia, "Bibi hasikii tena kwenye simu, anajifanya tu." Nikacheka, halafu nikasikitika. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa konda wa basi la Handeni, ataiacha dukani kwa Sufiani. Nawe nijibu kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu tangu ustaafu sina wa kumuuliza mambo ya kazi.

Mama, thieta yako siyo ile uliyoiacha. Tumempata daktari bingwa, Dokta Raymond, anakuja kila Alhamisi kutoka Tanga. Mikono yake ungeipenda, hababaiki na hapotezi damu ya mtu. Ila subira hana hata chembe. Alhamisi iliyopita tulipasua wagonjwa wanne. Akavua glovu, akasema mbele ya wote kwamba kwingine anafanya saba kwa siku, na kama hapa kazi yake ni kunywa chai akisubiri tupige deki, Alhamisi zake atazipeleka kwingine. Katibu wetu mpya, Gregori, alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake akatundika saa kubwa ukutani na chini yake karatasi ya kujaza: dakika ngapi tangu mgonjwa atoke mpaka mwingine aingie. Juu ya karatasi ameandika jina langu, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi.

Usidhani namlaumu. Orodha ya wanaosubiri ina wanawake sitini na watatu, wengi wana uvimbe wa kizazi. Mwezi uliopita mmoja wa Kabuku alitokwa damu nyumbani mpaka akafa. Alikuwa namba kumi na nane. Mumewe alikuja na kadi yake ya miadi, akauliza kama ile nafasi anaweza kupewa shemeji yake ambaye naye anaumwa.

Sasa shida iko kwenye sheria yako ya uzi. Bado naifuata. Pakiti ya uzi wa kufungia tumbo haifunguliwi, inakaa mfukoni mwa Edna, ndiye muuguzi wangu wa kuzunguka siku hizi, wa kupokeza vifaa na kuhesabu, mpaka vitambaa vya kufutia damu vihesabiwe kwa sauti na watu wawili na kuandikwa ubaoni kwa chaki. Vikitimia, tukajua hakuna kilichobaki tumboni, ndipo uzi unatoka mfukoni. Dokta Raymond anaichukia sheria hiyo kuliko kitu chochote. Anasimama mikono hewani, anasema, "Sista, mimi ni mtoto wa kunyimwa?" Niko katikati, Mama. Huku yeye, huku saa ya Gregori, huku wewe. Nifanyeje?

Wagonjwa wakiruhusiwa nawapa onyo langu lile lile, wasikubali kukandwa na maji ya moto, kwamba mama yangu alikufa hivyo mikononi mwa bibi yangu mwenyewe. Wengine wananiona mkali. Lakini mimi ni yule mtoto wa benchi la nje uliyemletea uji siku ile, hayo siwezi kuyasahau.

Mwanao,
Efrazia


Chanika, Handeni.
17 Februari 2024

Mwanangu Efrazia,

Marahaba. Huyo Ikram ana mdomo. Ni kweli sikio la kulia limefunga duka na la kushoto linafuata, lakini macho ninayo na akili bado hawajaniibia. Maji hayajatoka bombani wiki ya pili sasa, tumerudi kwenye madumu. Mengine ni mazima.

Unasema mnakosa muda. Mnaupotezea wapi? Si kwenye uzi. Kuhesabu vitambaa ishirini ni dakika tatu, nne kama mnapiga soga. Alhamisi moja kaa kwenye kiti, usishike kitu, tazama tu. Nakuambia utakachokiona. Mgonjwa wa kwanza anafika saa tatu badala ya saa mbili kwa sababu wodini hawajamvalisha. Mtu wa dawa ya usingizi anaanza kutafuta mshipa wakati daktari ameshanawa. Ndoo ya deki inafuatwa bombani nyuma ya jengo kila mara, kwa nini isikae mlangoni imejaa? Na mnasubiri vyuma vichemshwe kwa sababu mna seti mbili. Seti ya tatu ipo. Kabati la kijani, nyuma ya mashuka ya zamani. Niliificha mwenyewe isije ikaazimwa.

Kuhusu huyo daktari, anayenuna si lazima awe mbaya. Anataka aheshimiwe na asichoshwe. Mpe mkasi unaokata. Mpe chai ya tangawizi ya moto, siyo ile yenu ya uvuguvugu. Mwite mgonjwa akiwa tayari, siyo nusu tayari. Mpe kila kitu, Efrazia, ila uzi usimpe. Akikuuliza kama yeye ni mtoto wa kunyimwa, mjibu kwamba ndiyo, kwa dakika tatu.

Hilo onyo la kukandwa, lipunguze. Waambie tu kidonda kisilowe. Bibi yako aliyekwenda zake mwache apumzike.

Mama yako,
Mwantumu


Kwemhosa, Korogwe.
3 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Leo naandika nikiwa na furaha, nisamehe mwandiko. Nilikaa kwenye kiti kama ulivyosema. Edna akadhani naumwa. Nikaona yote uliyoyaona wewe ukiwa Handeni! Wodini nilikwenda mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuvalisha watu. Ndoo ziko mlangoni. Seti ya tatu nimeikuta kwenye kabati la kijani, imefungwa kwenye kitambaa chenye jina lako kwa uzi mwekundu.

Alhamisi hii tulifanya wagonjwa sita. Sita, Mama! Dokta Raymond alikunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, akaanza kuimba nyimbo za kwaya huku anapasua. Ana sauti mbaya. Gregori aliipiga picha karatasi yangu akaituma kwa wakubwa wake.

Bado Dokta anataka saba. Anasema saba ndiyo namba ya hospitali inayojiheshimu, na Gregori amenong'ona kwamba mkataba wa Dokta unaisha Juni, hauwezi kuongezwa kama mwenyewe hana hamu. Nimekwenda kwenye orodha, nimepiga hesabu. Tukifanya saba kila wiki, kufika Mei hakuna mwanamke atakayesubiri zaidi ya miezi miwili. Nikilala naliona lile benchi la nje likiwa tupu. Nimetamani kuliona tupu tangu utoto.

Tumepungukiwa na dakika kama ishirini tu kwa siku. Nitazipata tu.

Efrazia wako


Chanika, Handeni.
9 Machi 2024

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, Ikram akapiga makofi. Sita! Enzi zangu tulifanya watatu tukajiona majemadari.

Kurasa mbili nzima hukutaja uzi. Sikulaumu, nauliza. Dakika hizo ishirini unazitafuta wapi?

Mfungo unaanza wiki ijayo, unitakie wepesi.

Mwantumu


Kwemhosa, Korogwe.
24 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Nakutakia mfungo mwema. Natumaini joto la huko halikuoneshi cha moto.

Tumefikisha saba. Tarehe 14 tulifikisha, na tarehe 21 tukarudia. Wa mwisho tarehe 14 alikuwa mama mmoja wa Makuyuni, Hajira, ana watoto wawili. Alisubiri miezi kumi. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa na ulitoa damu nyingi, lakini saa kumi na moja jioni alikuwa ameshatoka. Mumewe, Sadala, alinishika mikono yote miwili nje ya mlango. Hajira ameruhusiwa juzi. Nimempa onyo langu, nisamehe, nimeshindwa kuliacha.

Dokta Raymond ameahidi kubaki. Alisema mbele ya Gregori, "Thieta hii sasa inaenda kama inavyotakiwa." Gregori akanipa barua ya pongezi yenye mhuri.

Uliuliza uzi. Uzi uko mfukoni, Mama, kama ulivyonifundisha.

Edna ameomba kuhamia wodini. Sijui ana nini, siku hizi hasemi sana. Dakika zile tulizipata kwa kupanga vitu mapema.

Mwanao,
Efrazia


Chanika, Handeni.
11 Aprili 2024

Mwanangu Efrazia,

Jana tumekula Idi. Nimepika pilau, nimewaalika wastaafu wenzangu watatu, na nimewasomea barua yako. Usikasirike. Niliwaambia, huyu nilimlea mwenyewe. Wakaniuliza, si yule mtoto wa kule kwenye mkonge, aliyefiwa na mama? Nikasema ndiye.

Nilidhani haiwezekani kwenda haraka na kuwa salama vyote pamoja. Umenionyesha kwamba inawezekana, mtu akitumia kichwa, na uzi ukabaki mahali pake. Tangu nistaafu sijawahi kulala usingizi mzuri kama wa wiki hizi.

Mwambie Edna arudi. Mtu anayejua kutunza uzi haachwi akaenda wodini.

Nimekutumia machungwa kwa konda. Ukikuta pungufu, muulize yeye.

Mama yako anayejivuna,
Mwantumu


Kwemhosa, Korogwe.
21 Aprili 2024

Mama Mwantumu, shikamoo.

Machungwa yamefika. Sijayala. Barua yako ya Idi ndiyo imenifanya niandike, maana kila nikiisoma natamani ardhi inimeze.

Nilikudanganya. Uzi haukuwa mfukoni.

Dakika zile ishirini nilizipata hapo. Kuanzia tarehe 14 Machi nilimwambia Edna afungue pakiti ya uzi mwanzoni kabisa, uwekwe kwenye sinia pamoja na vyuma, daktari akitaka kufunga afunge. Vitambaa tungehesabu huku anafunga. Edna akasema, "Dada Efrazia, Mama Mwantumu angetuua." Nikamwambia Mama Mwantumu yuko Handeni. Maneno hayo niliyatamka mimi.

Wagonjwa sita wa kwanza siku hiyo hesabu ilitimia. Wa saba alikuwa Hajira. Damu ilikuwa nyingi, vitambaa vilikuwa kwenye ndoo, vingine chini. Edna akahesabu kumi na tisa badala ya ishirini. Dokta Raymond alikuwa anashona ngozi tayari, na gari lake lilikuwa limewashwa nje. Edna akanitazama. Nikachungulia ndoo, nikaona viwili vimegandana, nikajiambia hapo ndipo kilipo. Niliandika ishirini ubaoni. Sikuvitenganisha, Mama. Kuvitenganisha kungechukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Kisha ubao ukafutwa.

Hajira alirudi tarehe 8 mwezi huu ana homa, tumbo gumu. Tarehe 11, siku uliyoniandikia wewe, Dokta Raymond alimfungua tena. Alikitoa kitambaa yeye mwenyewe kwa koleo, akakiweka kwenye bakuli la chuma. Halafu akauliza taratibu, "Nani alihesabu?" Nikasema ni mimi. Hajira alifariki Jumamosi, saa tano asubuhi.

Kubwa zaidi ni hili. Sadala alipoulizwa wodini kidonda kilitunzwaje, alisema mama yake alimkanda mke wake siku mbili, kwa maji ya moto na majani, maana ndivyo walivyozoea. Gregori akalidaka hapo hapo. Ameandika taarifa kwamba uchafu uliingilia nyumbani kwa kukandwa, na kwamba vitambaa vilihesabiwa vikatimia. Dokta Raymond ametia saini bila kuinua macho. Mimi na Edna tumebaki. Gregori anasema nisipotia saini daktari hatarudi, na orodha nitaibeba mgongoni mwangu. Ni kweli Alhamisi iliyopita hakuja. Watu saba walirudishwa nyumbani, wamefunga chakula tangu jana yake.

Mama yake Sadala alikuja kuchukua vitu vya marehemu. Anatembea na mikono ameificha ndani ya khanga. Sadala hasemi naye. Nilimtazama nikamkumbuka bibi yangu, nikaona nina hasira naye, yule mama wa watu asiye na kosa! Nilitaka iwe kweli kwamba ni yeye. Kama maji ya moto yaliweza kumuua mama yangu, kwa nini yasiwe yamemuua na Hajira?

Tarehe ya mwisho ya saini ni 3 Mei. Nisaidie. Niambie tu la kufanya, nitalifanya.

Efrazia


Chanika, Handeni.
27 Aprili 2024

Efrazia mwanangu,

Usitie saini.

Ningeweza kuishia hapo, na nilitaka. Nimeanza barua hii mara nne. Lakini umeniuliza swali ndani ya barua yako bila kujua kwamba umeniuliza. Umeuliza, kama maji ya moto yaliweza kumuua mama yako.

Hayakumuua.

Mama yako Ritha aliletwa kwetu na trekta la shamba la mkonge, mwaka 1994, mwezi wa sita. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka. Tulimwokoa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na kuhesabu vitambaa siku hiyo. Daktari wa wakati ule alikuwa mzee mkali, alikuwa na wagonjwa wengine wawili wanasubiri, na uzi alikuwa nao mkononi kabla sijamaliza kuhesabu. Hesabu ilipungua kimoja. Nilifungua mdomo kusema. Akaniuliza, "Unataka nimfungue tena kwa sababu hujui kuhesabu?" Nikafunga mdomo.

Wiki ya tatu mama yako alirudi ana homa. Alipofunguliwa tena kitambaa kilikuwepo. Alifia mezani. Bibi yako alikuwa nje analia, anasema mwenyewe kwamba alimkanda mwanawe, labda alikosea maji yakazidi moto. Daktari akanitazama. Nikatoka, nikamwambia bibi yako kwamba ndiyo, ni maji. Daktari ndiye aliyetaka iwe hivyo, lakini kinywa kilichosema kilikuwa changu. Nilitia saini kitabuni siku hiyo hiyo, mwandiko mzuri kabisa.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Ulinisikia nikisema. Ulikaa kwenye benchi ukamgeukia bibi yako ukamtazama, na mimi niliona namna ulivyomtazama.

Sheria ya uzi niliianza wiki iliyofuata. Watu wote walidhani nimesomea mahali. Ada yako ya shule, sare, chuo cha uuguzi, vyote vilitoka hapo. Nilikupenda baadaye, hilo ni kweli, lakini sikuanza kwa kukupenda.

Miaka thelathini nimekuwa nikisema nitakuambia ukimaliza shule, ukiolewa, nikistaafu. Bibi yako alipofariki nilikwenda mazishini. Wewe hukuja. Nilisimama nyuma, nikarudi zangu nyumbani, sikukuambia hata hapo.

Sina haki ya kukushauri. Lakini yule mama anayeficha mikono kwenye khanga, mwendee akiwa hai.

Mwantumu


Kwemhosa, Korogwe.
19 Mei 2024

Mwantumu,

Shikamoo sijaandika. Sijaisahau.

Sikutia saini. Edna naye hakutia. Niliandika taarifa yangu mwenyewe, kurasa tatu, pamoja na uzi, vitambaa viwili vilivyogandana na ile ishirini ya ubaoni. Nimeipeleka kwa mganga mfawidhi na nakala wilayani. Nimeondolewa thieta. Niko chumba cha vidonda, nafunga bandeji, nasubiri kuitwa kwenye baraza la wauguzi. Leseni naweza kuipoteza, nalijua hilo.

Dokta Raymond hajarudi na hatarudi. Orodha ina wanawake themanini na mmoja. Jana mmoja alinifuata chumba cha vidonda, akaniuliza kama mimi ndiye sista aliyemfukuza daktari. Nikasema ndiyo, kwa sababu maelezo mengine yangekuwa marefu.

Makuyuni nilikwenda na Edna tarehe 4. Sadala alikuwa anapalilia mahindi. Nilimweleza tukiwa tumesimama shambani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangusha jembe, akasema, "Ondokeni." Hakutupigia kelele. Tulikuwa tunaondoka mama yake alipotoka jikoni akauliza wageni wanasema nini. Sadala hakumjibu, hasemi naye tangu msiba. Nikarudi, nikapiga magoti, nikamweleza yeye. Ilibidi nirudie mara mbili. Akatoa mikono yake kwenye khanga, akaitazama, akaniuliza, "Kwa hiyo siyo maji yangu?" Nikasema siyo maji yako, Mama. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani, na Sadala akaja akasimama karibu yake. Hakumgusa, lakini alikuja.

Bibi yangu hakuna aliyemwambia hivyo.

Aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya kambi ya mkonge mpaka 2009. Wajomba walimkataza asipike kwenye misiba wala asishike mtoto mchanga. Nilipokuwa bweni alikuwa ananitumia karanga za kukaanga kwenye mfuko wa sukari. Nilikuwa nazirudisha, Mwantumu. Mfuko haujafunguliwa, nampa yule yule aliyeleta. Miaka minne alizituma na miaka minne nilizirudisha, na likizo nilikuja kwako, ukanipikia, ukaniuliza bibi hajambo, nikakujibu sijui.

Nimewaambia wagonjwa mia ngapi kwamba bibi yangu alimuua mama yangu? Wewe ulinisikia nikisema. Wodini, mbele yako, miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Kumbe mwaka huu ndipo ukaniambia nipunguze.

Nataka kukuchukia na ninashindwa kumaliza. Nikifika kwenye uji nakwama. Ni kitu cha kwanza kizuri ninachokikumbuka baada ya mama. Kikombe cha bati cha bluu, umekishika na pindo la aproni kwa sababu kilikuwa cha moto, ukachutama mbele yangu ukapuliza kwanza. Mimi nimekuwa nesi kwa sababu ya kikombe kile.

Nina swali moja tu, na sitaandika tena mpaka nipate jibu. Siku ile mama alipofunguliwa mara ya pili, mimi niko kwenye benchi. Ule uji uliniletea kabla hujakiona kile kitambaa, au baada?

Efrazia


Chanika, Handeni.
22 Mei 2024

Efrazia,

Barua yako imekaa chini ya mto wangu siku mbili. Ningeweza kuandika "kabla". Daktari alishakufa, mpishi wa jikoni alishakufa, hakuna wa kunibishia, na labda ningebaki na mtoto.

Ni baada.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepita mbele ya benchi lako mara tatu asubuhi ile, na sikukuona.

Mwantumu